Mashina Mawili ya Baki

Sina ugomvi na hesabu zote. Ugomvi wangu ni na namba moja tu, 4,356, na kama hukulelewa kwenye majani chai unaweza kudhani nimeanza kuchanganyikiwa. Nipe nafasi nijieleze.

Huku kwetu Konoin, kaunti ya Bomet, ukipanda chai jinsi bwana shamba anavyoelekeza, unaacha futi 4 kati ya mstari na mstari, na futi 2 na nusu kati ya shina na shina. Kila shina basi linakalia futi 10 za mraba. Ekari moja ina futi za mraba 43,560. Futa sifuri ya mwisho: mashina 4,356. Ekari ya marehemu baba ilikuwa na mashina hayo kamili, kwa sababu baba alikuwa mtu wa kufuata maelekezo mpaka maelekezo yenyewe yachoke. Shina likikauka alipanda jingine kabla jirani hajaliona pengo. Mvua ya mawe ikipiga, na ya huku haijui huruma, alivaa koti akatoka kwenda kuhesabu majeruhi.

Kisha akafariki, akatuacha watoto saba.

Chukua kalamu ugawe. 4,356 kwa 7: kila mmoja 622, baki 2. Ndugu msomaji, wako watu wanaofikishana mahakamani kwa ajili ya majumba ya Nairobi. Sisi tumenuniana kwa ajili ya mashina mawili ya chai. Ukiyachuma mwaka mzima, ukajumlisha malipo ya kila mwezi na bonasi juu yake, hutapata nauli ya kumtoa mmoja wetu Nairobi aje kwenye mkutano wa kuyajadili. Lakini mikutano tumeifanya, na nauli tumelipa.

Neno lenyewe huwa linalala kuanzia Januari. Linaamka bonasi inapokaribia, Oktoba hivi, wakati kila mtu upande huu wa Bonde la Ufa anapotazama simu yake kwa jicho la mashaka huku akisikia jinsi wenzetu wa Kirinyaga na Murang'a walivyolipwa vizuri kwa kilo. Hapo ndipo kaka mkubwa hukohoa na kusema, "Kuhusu yale mawili..."

Yeye anayadai kwa sababu ni kifungua mimba. Kitinda mimba anayadai kwa sababu ndiye aliyebaki nyumbani na Mama, na ndiye anayekamua ng'ombe. Mimi nadai lolote litakalotuletea amani, jambo ambalo kila mtu amelitafsiri kuwa nayataka mashina kimyakimya.

Mwaka juzi kaka wa pili, mtu aliyepata D ya hesabu katika mtihani wa KCSE na hajawahi kuhuzunika kwa hilo, alisimama mbele ya wazee akatangaza kwamba ameipata dawa. Sisi ni wavulana wanne na wasichana watatu. Tukiwaweka dada zetu pembeni, maana wameolewa na wana kwao, tunabaki wanne. Na 4,356 kwa 4 ni 1,089 kila mmoja, bila baki. "Hesabu yenyewe inakubali," alisema, akaketi kwa utulivu wa mtu aliyesoma maandiko. Sikujua kwamba hesabu inaweza kutumika vibaya hivyo. Dada mkubwa alimwacha amalize, akamjibu kwamba Sheria ya Urithi imekuwa ikitumika Kenya tangu 1981, haiulizi mtoto ni wa kike au wa kiume, na kama yeye anaona 7 ni namba mbaya basi ajiondoe mwenyewe, wabaki sita, kila mmoja apate 726 na baki isiwepo. Nikapiga hesabu chini ya meza. Kweli kabisa, 726.

Mama naye akauliza kama yeye amekufa. Tukasema hapana, Mama. Akauliza mjane wa mwenye shamba ni nani. Tukasema ni wewe, Mama. Akasema basi na ahesabiwe. Tukawa wanane, na hali ikaharibika zaidi: 544 kila mmoja, baki 4.

Hapo ndipo Baba Mdogo, ambaye hakuwa amealikwa ila alikuwa amepita tu kunywa maziwa ya mursik, alipoweka kibuyu chini polepole. Akasema yeye si mtu wa tamaa. Ila ametazama, ameona kwamba wanane wanaleta shida, lakini tukimwongeza na yeye tunakuwa tisa, na tisa ni 484 kwa kila mtu, hakuna shina hata moja la kugombaniwa. Anatoa mchango huo kwa ajili ya umoja wa ukoo.

Msinicheke. Mnajua jinsi ilivyo vigumu kumpinga mtu mwenye hesabu sahihi?

Aliyenifungua macho ni mpwa wangu, mtoto wa dada mkubwa, anayesomea hisabati pale Chuo Kikuu cha Kabianga, Kericho. Alikuja likizo, akakuta vita, akaomba karatasi. "Mjomba," akaniambia, "shida si wajomba wala mama wadogo. Shida ni ekari." Akaandika kwamba 4,356 ni 66 mara 66. Ukiivunja mpaka mwisho unapata 2 mbili, 3 mbili na 11 mbili, zote zikizidishwa pamoja, basi. Ndiyo maana inakubali kugawanywa kwa 2, 3, 4, 6, 9, 11 na 12, na inakataa 5, 7, 8 na 10. Na hiyo 66 haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1620 kasisi mmoja wa Uingereza, Edmund Gunter, aliyekuwa pia mwanahisabati, alitengeneza mnyororo wa kupimia ardhi wenye futi 66. Mraba wa mnyororo mmoja kwa mmoja, mara kumi, ndiyo ekari. Kila ekari iliyopimwa kwa kipimo hicho imebeba ndani yake 2, 3, 5 na 11, na 7 haimo kabisa.

Nilijaribu kumkimbia Gunter. Nikasema, je, baba angepanda futi 3 kwa 3? Mashina 4,840: kwa saba, baki 3. Futi 5 kwa 2 na nusu? 3,484, baki 5. Nikaacha. Kipimo hiki tuliletewa na watu walewale waliovipima vilima vya Kericho wakajigawia wao kwanza, na kwao sikusikia kwamba kulikuwa na baki.

Mpwa akanipa jingine la kunitia uchungu. Akasema Plato wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, katika kitabu chake cha Sheria, alipokuwa akibuni mji wa mfano alitaka uwe na kaya 5,040 barabara. Kwa nini? Kwa sababu 5,040 inagawanyika kwa kila namba kuanzia 1 hadi 10, na jumla ina vigawo 60. Ardhi, kodi, zamu za ulinzi, yote yanagawanyika bila mtu kununa. Huyo ndiye mtu aliyewahi kukaa kwenye mkutano wa familia, nikasema moyoni. Namba pekee ya chini iliyomsumbua ilikuwa 11. Na unajua dawa yake ilikuwa nini? Alisema ni jambo dogo: ondoa kaya mbili, zibaki 5,038, na 11 itaingia sawasawa mara 458.

Mbili! Yaani mwanafalsafa mkubwa wa Ugiriki naye alibakiwa na mbili, akasema ziondolewe tu. Nililipeleka wazo hilo mkutanoni kwa heshima zote. Shemeji yangu, mke wa kaka mkubwa, akaniuliza swali ambalo Plato nadhani hakuulizwa: "Yaondolewe yapelekwe kwa nani?"

Kuna namba nyingine zilizobarikiwa hivyo. Mhindi mmoja, Srinivasa Ramanujan, aliyekuwa karani katika bandari ya Madras kabla ya kuitwa Cambridge, alichapisha mwaka 1915 utafiti mrefu kuhusu namba zenye vigawo vingi kuliko namba yoyote iliyo ndogo kuliko hizo. Katika orodha yake namba kubwa kabisa ni 6,746,328,388,800, na hiyo ina vigawo 10,080. Fikiria shamba la mashina trilioni sita na ushei! Saba wanaingia, nane wanaingia, tisa wanaingia pamoja na Baba Mdogo wao, kumi na mmoja, kumi na watatu, kumi na saba, wote wanatoka wakicheka. Huo ndio urithi. Sisi tuliachiwa 66 mara 66.

Ningeishia hapo na kulala, lakini mpwa hakuridhika. Wasomi hawajui wakati wa kuacha. Alisema kwamba watu wa hisabati hawazipendi sana namba zinazogawika kirahisi. Wanazienzi zile zinazokataa. Na akaonyesha kadi ya benki ya Mama, ile ambayo mashine moja ya mjini iliimeza mwaka jana, na tulipokwenda kuidai tukaambiwa tuandike barua ndipo turudishiwe. Kumbe ndani ya chipu ya kadi nyingi za benki kunatumika namba yenye mamia ya tarakimu, iliyopatikana kwa kuzidisha namba mbili tasa, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Namba kubwa inaonyeshwa kwa kila mashine. Zile mbili zilizoizaa ni siri. Anayezijua anafungua, asiyezijua na asote.

"Mbona asizitafute?" nikauliza. "Si agawe tu?"

Akanipeleka barabarani kwenye kituo cha kununulia majani, ambako lori la kiwanda lilikuwa linapakia. Mkulima huyu kapimiwa kilo zake, yule kapimiwa zake, kisha majani yote yakamwagwa ndani. Kumwaga ni dakika moja. Sasa panda juu ya lori, akasema, unitolee majani ya Mama peke yake. Kuzidisha ni kumwaga, kutafuta vigawo ni kupanda kwenye lori.

Njia hii ya kufuli waliitunga Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman huko MIT, Marekani, mwaka 1977. Mwaka huohuo jarida la Scientific American likachapisha namba ya tarakimu 129 na kuahidi dola 100 kwa atakayeipasua. Wakati ule ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingechukua miaka isiyosemeka. Ilipasuliwa 1994, na kompyuta za watu wa kujitolea wapatao 600 kutoka nchi nyingi, waliogawana kazi kwa miezi kadhaa. Watu 600 wasio na damu moja walielewana namna ya kugawa namba ya tarakimu 129. Sisi, tumbo moja, tarakimu nne zimetushinda. Mwaka 2020 watafiti wakapasua nyingine ya tarakimu 250. Zinazotumiwa sana siku hizi zina tarakimu 617, na hizo hakuna aliyezisogelea.

Huyo mpwa ana hadithi moja ambayo mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu ndani yake mtu hakusema neno. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, Frank Nelson Cole aliitwa kutoa mhadhara. Akaenda ubaoni kimya. Akapiga hesabu ya 2 zilizozidishana mara 67, akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Akahamia upande wa pili wa ubao, akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287 kwa mkono, tarakimu baada ya tarakimu. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi. Ukumbi ukapiga makofi. Inasimuliwa kwamba alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu Jumapili za miaka mitatu. Mkutano wa kwetu ungekuwa na mtu mmoja wa namna hiyo, mwenye kwenda ubaoni, kuandika na kuketi, tungemaliza kabla chai haijapoa. Kwetu hata anayesema "sina la kuongeza" huongeza nusu saa.

Lakini lililonikera hasa ni hili. Karibu miaka 30 kabla ya Cole, mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas alikuwa tayari amethibitisha kwamba namba ile si tasa. Alijua inagawanyika. Hakujua inagawanyika kwa namba zipi. Nikamwambia mpwa hayo ni maneno ya wanasiasa. Akacheka, akanionyesha kwa namba ndogo.

Chukua 7, adui yetu. Zidisha 2 sita pamoja, yaani moja pungufu ya 7: unapata 64. Gawa kwa 7, baki 1. Pierre de Fermat alieleza mwaka 1640 kwamba kila namba tasa, ukiiacha 2 yenyewe, lazima ibakize 1 ukiifanyia hivyo. Sasa ijaribu 9. Zidisha 2 nane pamoja: 256. Gawa kwa 9, baki 4. Haikuwa 1, kwa hiyo 9 si tasa, imejitoa yenyewe. Na ona kwamba hatujamtaja 3 popote. Baki ndiyo iliyoshtaki. Kwa mtindo huo wa kutazama baki, ingawa kwa ufundi wa juu zaidi, kompyuta inaweza kukuambia mara moja kwamba namba ya mamia ya tarakimu inagawanyika, kisha ikakuacha hapo mlangoni.

Na wako walioachwa mlangoni mpaka leo. Zidisha 2 zilizo 1,277 pamoja, toa 1. Unapata namba ya tarakimu 385. Inajulikana kabisa, bila shaka yoyote, kwamba ina vigawo. Kompyuta za dunia zimeitafuna kwa miaka na miaka, na hakuna hata kigawo kimoja kilichopatikana. Kuna nyingine, ya ukoo wa Fermat, ambayo ukitaka kuiandika utahitaji tarakimu zaidi ya milioni 5. Mwaka 1999 ilithibitishwa kwamba nayo inagawanyika, na nayo haijataja kwa nani.

Niliposikia hayo nilimkumbuka chifu wetu. Kikao cha mwisho alisimama, akashika fimbo yake, akatamka kwamba shamba hili litagawanywa kwa haki. Akapigiwa makofi. Akapanda pikipiki akaenda. Hakutaja kwa ngapi.

Basi tuligawanaje? Mpwa ndiye aliyetoa dawa, na ni aibu kwa wazee wote waliokunywa chai yetu bure. Hakuondoa mawili. Aliongeza matano. Kando ya zizi kulikuwa na kipande kilichokuwa kikiota magugu tu. Tukachukua miche mitano, ikawa mashina 4,361. Kwa saba ni 623 kila mmoja, bila baki. Na 623 yenyewe ni 7 mara 89, kwa hiyo yeyote kati yetu atakayejaliwa watoto saba watagawana 89 kila mmoja bila kuitana kwa chifu. Mama aliposikia akauliza fungu lake liko wapi. "Kogo," mpwa akamwambia bibi yake, "yote ni yako mpaka siku utakayosema mwenyewe. Hii ni hesabu ya baadaye." Mama akasema hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya maana kusikika katika nyumba hii. Tukakubaliana. Kaka mkubwa na kitinda mimba sasa wanagombana ni nani atakayepewa fungu la upande wa zizi, kwa sababu miche haitachumwa hivi karibuni, lakini huo ni ugomvi wa kawaida na hauhitaji Plato.

Kwa hiyo ninyi mnaosubiri mvua ili mpande, nawaomba: kabla ya kuchimba shimo la kwanza, hesabuni watoto. Wakiwa watatu, wanne au sita, fuateni bwana shamba. Wakiwa watano, wanane au kumi, ongezeni mashina manne, yawe 4,360. Wakiwa saba, ongezeni matano. Wakiwa kumi na mmoja msiongeze kitu, ekari ya Waingereza ilipimwa kwa ajili yenu. Na kama mna Baba Mdogo anayependa mursik, habari za tisa msizitaje mbele yake.